Tupa Tena, Shemeji

Miezi minne baada ya kumzika mume wangu, rafiki zake wawili, fundi lifti na mwalimu, walikuja Jumamosi mchana kucheza. Mimi ni mshonaji, nilikuwa na mashati ya mteja ya kupiga pasi, kwa hiyo niliwapa meza nikaendelea na kazi yangu pale pale sebuleni.

Mchezo wenyewe ni wa zamani, boksi lake limefungwa kwa kamba. Msimulizi anasoma kisa, wachezaji wanakuwa wapelelezi wanaofuatilia vitu vya kale vilivyolala chini ya dunia, vikubwa kiasi kwamba ukiviona akili inaruka. Kila mmoja ana karatasi, na akili yake imeandikwa kwa penseli, kwa tarakimu. Dadu zake zinatoa namba hadi mia; ukitupa namba inayozidi akili yako, msimulizi anakupunguzia. Ikifika sifuri, umekwisha. Nao walijiwekea sharti: hakuna kucheza kazi yako ya kweli. Fundi lifti alikuwa daktari. Mwalimu alikuwa baharia.

Mume wangu ndiye aliyekuwa msimulizi. Alikufa kazini, lifti ya ghala ilipokatika waya. Fundi aliapa kwamba aliukagua asubuhi ile. Makaburini alilia kunishinda.

"Shemeji, njoo na wewe," Fundi alinitania. "Au unaogopa majini ya kwenye karatasi?"

"Nina mashati sita. Jini gani atanipigia pasi?"

Walicheka. Kiti cha mume wangu wakakiacha wazi. Mwalimu akafungua daftari la marehemu, kwenye kisa ambacho hakuwahi kuwasomea.

"Mmeingia kwenye lifti. Inashuka. Imepita ghorofa ya chini kabisa. Bado inashuka. Huko chini kuna kitu kimewasikia."

Akataka kulifunga daftari.

"Soma," nikasema.

"Fundi anaulizwa: waya uliukagua?"

Katika mchezo ule hapakuwa na fundi.

"Nani kaandika hivyo?" Fundi akanong'ona. "Niliukagua."

Dadu zikamponyoka. Tisini na moja. Kwenye karatasi yake, sitini ikawa arobaini. Kifutio kilikuwa ndani ya boksi. Hakuna aliyekigusa.

Fundi akainuka. Nikaweka pasi chini, nikasimama mlangoni.

"Waya uliukagua?" nikamuuliza.

"Niliukagua, shemeji!"

"Tupa tena."

Tisini na nne. Ishirini.

Sebule ilinuka grisi. Kiti kitupu kililia, kama mtu anapoegemea mbele.

"Sikuukagua," Fundi akasema. "Nilichelewa kuamka. Nilitia saini tu."

Hilo ndilo nililolitaka kwa miezi minne. Ningeweza kumfungulia mlango.

"Tupa tena, shemeji," nikasema.

Hakutaka. Mkono wake ulitupa.

Siku hizi mke wake anasema hatoki kwenye kona ya chumba. Anabonyeza ukuta kwa kidole. Anasubiri. Anabonyeza tena. Simhurumii.

Boksi nililifunga mwenyewe, mafundo matatu. Jana nililishusha kabatini ili nilichome. Mafundo yalikuwa vilevile. Ndani nilikuta karatasi ambayo haikuwemo, kwa mwandiko wa mume wangu. Kazi: mshonaji.

Akili ilikuwa sabini, ikafutwa, ikaandikwa hamsini. Imefutwa mara moja tu. Najua ni kwa lipi.

Nikapangusa mabaki ya kifutio kwa kiganja. Yalikuwa bado na joto.