Pipa la Tatu

Walikutana langoni mwa kiwanda cha kuchenjua madini, zamu mbili zikipishana. Mpimaji wa maabara, koti jeupe na kitambaa cha kijani kichwani, alisukumwa na umati akamwangukia kijana mwenye ovaroli iliyolowa povu la kijivu. Koti likachafuka.

"Pole, dada. Doa hilo halitoki ila kwa ndoa."

"Basi nitalivaa hivyo hivyo," akajibu huku akicheka.

Kijana huyo wenzake walimwita Povu. Alisimamia matangi ya kutenganisha madini. Risasi na zinki zikishasagwa hufanana kama unga wa mfuko mmoja; unatia dawa, inaing'ang'ania risasi peke yake, mapovu yanaibeba juu, zinki inabaki chini.

Mwaka mzima Povu alimpigia mpimaji simu kila jioni: "Daktari wangu wa mawe, umekula?"

Siku moja sampuli ya matangi yake ilikuja na zinki tele ndani ya risasi. Mpimaji aliandika alichokiona. Kesho yake Povu akasimamishwa kazi kwa uzembe.

"Ungenipigia hata simu!" Povu akafoka kwenye simu.

"Ningekwambia nini, mpenzi? Vipimo ni vipimo."

"Haya, mama vipimo." Akakata.

Tangu hapo Povu hakupokea simu zake. Mpimaji hakulia. Alipima, akala, akalala, kama aliyechomwa sindano ya ganzi mwili mzima.

"Mwanangu, unaumwa?" mama yake akamuuliza.

"Siumwi, mama." Na kweli, afadhali angeumwa.

Wiki ya tatu alichota dawa ya matangi kutoka kila pipa la ghalani, akaipima. Pipa la tatu lilikuwa limebandikwa lebo isiyo yake: ndani mlikuwa na dawa inayokamata risasi na zinki pamoja. Akaandika ripoti, akaipeleka kwa meneja mwenyewe.

Alhamisi mchana Povu akasimama mlangoni pa maabara, shati limenyooshwa pasi.

"Wamenirudisha. Nimeiona sahihi yako. Nisamehe, mpenzi. Nataka nikuoe."

Mpimaji alisubiri furaha imjie. Haikuja.

"Sihisi kitu," akasema. "Sikudanganyi. Sina hasira, sina raha."

"Niondoke?"

"Hapana. Keti. Nina sampuli sita. Nikimaliza, niulize tena."

Povu akakaa kwenye kiti cha plastiki saa mbili nzima, hata simu hakuigusa. Ya sita ilipoisha, akauliza.

"Ndiyo."

Povu akamshika mkono. Ulikuwa mzito, haukusisimka. Lakini mpimaji hakuutoa.