Cheti Kilichotundikwa Juu

Kila asubuhi dobi alipanga mashati ya watu juu ya meza, katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Yeye alipiga pasi, binti yake alinyunyizia maji. Mchana binti alishika pasi, na mama akaenda kwenye darasa la watu wazima kujifunza kusoma.

Mumewe alikuwa mwashi, na ulimi wake haukujua likizo.

"Mke wangu, unasoma ili iweje? Shati lina kola, halina herufi."

"Cheka tu," mkewe alimjibu. "Iko siku utaniomba nikusomee."

Pasi yao ya zamani ilipokufa, mwashi alikwenda kununua mpya kwa Tabasamu. Ndivyo mtaa ulivyomwita mwenye duka la vyombo vya umeme, maana meno yake yalikuwa nje saa zote. Juu ya rafu za pasi, karibu kabisa na dari, Tabasamu alikuwa ametundika cheti. Kilikuwa ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, na alikiwekea taa ndogo. Mteja akiuliza kuhusu ubora, alinyoosha kidole juu.

"Bidhaa zangu zimepimwa. Si unaona cheti?"

Kila mtu alikiona. Mwashi naye alikiona, akanunua, akarudi nyumbani kifua mbele.

Siku ya tatu, kiganja cha dobi kiligusa skrubu ya mpini. Umeme ukamrusha mpaka ukutani. Pasi ikaanguka chini, na binti akainama kuiokota.

"Usiguse!" mama alipiga kelele. "Zima ukutani kwanza!"

Binti akazima. Mama alikuwa ameungua kiganja, lakini hakukitazama. Alimtazama mwanawe, akamvuta karibu. Mchana ule ilikuwa zamu ya binti kupiga pasi.

Jirani yao alikuwa fundi umeme, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Alikuja na bisibisi, akaifungua pasi mezani.

"Njooni muone unyama," alisema. "Plagi ina miguu mitatu, sivyo? Waya wa tatu kazi yake ni kupeleka umeme ardhini ukivuja. Huu hapa. Umekatwa, haujafungwa popote! Umeme umevuja, ukapita kwako, shoga."

"Lakini pasi ina cheti," mwashi alisema. "Nilikiona kwa macho yangu."

"Kimeandikwa nini?"

Mwashi akakuna kichwa.

"Shemeji, cheti si pambo la ukutani," fundi alisema. "Bidhaa iwe imetengenezwa hapa au imetoka nje, inatakiwa ipimwe kabla ya kuuzwa. Ikifaulu, hupewa cheti. Humo huandikwa ni bidhaa gani, ya kiwanda gani, na namba yake. Unachukua bidhaa, unalinganisha. Visipolingana, huna cheti, una karatasi. Ukiwa na shaka, ofisi ya viwango ipo, kaulize."

Dobi alifunga mkono kitambaa, wakaenda dukani wote watatu, yeye, mumewe na fundi.

"Dada, mikono yako ilikuwa na maji," Tabasamu alisema, akicheka. "Nyie madobi bwana! Haya, mimi si mbaya. Chukua nyingine."

Akamnyooshea pasi ya aina ileile.

"Nishushie kile cheti," dobi alisema.

"Kile hakishushwi, dada."

Dobi akavuta stuli, akapanda. Wateja wakageuka. Akasoma polepole, silabi kwa silabi, kama darasani.

"A-i-na ya bi-dha-a: ndoo... za... pla-sti-ki."

Mtu mmoja akacheka. Mama mmoja aliyekuwa ameshika boksi la pasi akalirudisha kwenye rafu.

"Ndoo!" dobi alisema. "Mwanangu alikuwa anainama kuokota pasi yako, na wewe umetuwashia taa kwenye cheti cha ndoo!"

"Dada, twende nje tuyazungumze."

"Hapahapa! Nikinyamaza mimi, kesho atarushwa mtoto wa nani?"

Hasira inanipanda hata sasa ninapoandika. Tabasamu alijua kusoma. Alijua kuliko wateja wake wote, na ndiyo maana alikitundika kule juu.

Siku hiyohiyo waliipeleka pasi ofisi ya viwango. Wakaguzi walikuja, wakaondoa pasi zote rafuni, wakafunga duka. Njia ya mwongo ni fupi. Fundi naye alipita nyumba kwa nyumba. Alikuta pasi saba kama ile, zote zimekatwa waya wa tatu. Saba, na kila nyumba ina watoto!

Dobi alinunua pasi duka jingine. Muuzaji alisubiri huku yeye akilinganisha namba ya pasi na ya cheti, tarakimu moja moja. Kazi ilirudi, na binti alishika zamu yake bila woga.

Mwezi uliofuata mwashi aliingia na birika jipya la umeme, amelikumbatia.

"Cheti chake?" mkewe aliuliza.

"Kipo! Nimekiona."

Dobi alimwonyesha kiganja chenye kovu.

"Sikukuuliza kama umekiona."

Mwashi alilitazama birika, akamtazama mkewe.

"Basi twende wote," alisema. "Ukanisomee."