Hati Iliyotoka Chini ya Blanketi

Mimi ni karani wa wakili. Jioni ile bosi alinituma kwa bibi mmoja mjane, fundi cherehani, nikachukue hati ya kumpa nyumba mkwe wake, mke wa marehemu mwanawe. Alikwisha kuitia dole gumba, ila kuitoa alikuwa akisitasita.

"Isipotoka mkononi mwake akiwa hai, ni karatasi tu," bosi alinionya. "Akifa nayo, ndugu wa damu watagawana. Mkwe atalala nje."

Mlango aliufungua mpwa wa bibi. Alikuwa anatafuna.

"Karibu, karani. Shangazi kabadili mawazo, nyumba ananipa mimi peke yangu. Wewe utakuwa shahidi."

Nikaingia. Manukato... mengi mno. Na chini ya manukato, kitu kama nyama iliyosahauliwa ndani ya sufuria. Nzi walitulia ukutani, wameshiba.

"Amelala?"

"Anapumzika," akanong'ona.

Bibi alikuwa kitandani, kafunikwa blanketi. Mpwa akavuta mkono wake mmoja, akalichovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye hati yake mpya. Alipoliinua, ngozi ilibaki kwenye karatasi.

Nzima. Kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Yule bwana akaibandua kwa ukucha, akajipangusa kwenye suruali.

"Weka sahihi, ndugu yangu. Kuna nini?"

Nilimtapikia viatu.

Ndipo blanketi likasogea.

Mkono wa pili ukatoka... taratibu... umeshika bahasha iliyolowa.

"Chukua."

Midomo ya bibi haikucheza. Mpwa alishakimbilia barabarani, nikamsikia akipiga mayowe. Nikaichukua.

Daktari aliyeitwa alisema bibi alikuwa amekufa siku mbili kabla. "Maiti hujivuta, hutoa sauti. Hutokea." Nilipomuuliza kuhusu bahasha, alifunga mkoba wake akaondoka.

"Alikuwa hai alipokupa?" bosi akauliza.

"Alisema chukua."

Akaitoa hati kwenye bahasha, akaandika kwamba niliipokea wiki iliyopita. Mpwa hakuthubutu kurudi kudai chochote. Mkwe anakaa mle sasa na wanawe. Alinishukuru huku akilia.

Sikumwambia kwamba vidole vile havikuniachia upesi. Vilinishika kiganja cha kulia, laini, vinateleza, vikanipapasa mara tatu, kama bibi anavyombembeleza mjukuu.

Siku hizi nakula kwa mkono wa kushoto.