Mashimo Mia Nne

Jumapili, saa 6:40 mchana, wanafunzi waliporudi kutoka kanisani Kyela mjini walikuta bustani ya shule ina mashimo mia nne na haina mti hata mmoja. Tangu Alhamisi miti ilikuwepo: miche ya miparachichi na miembe iliyoletwa kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki, ikapandwa na wafanyakazi wa kujitolea wa kampuni moja ya Dar es Salaam, wote katika fulana mpya. Ili kuipisha, shule ilikuwa imeng'oa migomba na mihogo iliyowalisha wanafunzi mchana. Sasa hapakuwa na mti, ndizi wala muhogo.

Mkuu wa shule, Mwalimu Ezra, hakuona haja ya upelelezi. Alimwita Atupele wa kidato cha nne, msichana aliyewahi kumfunga mbuzi kwenye kiti cha mwalimu wa zamu na kumvalisha tai.

"Umeificha wapi?"

"Nilikuwa kwaya, Mwalimu. Ulikaa mbele yangu."

"Basi umetuma watu. Kesho saa mbili mratibu wa kampuni anakuja. Nisipokuwa na mwizi, nitamkabidhi wewe. Mtihani wa taifa utausikia redioni, kwenu Itungi."

Saa 7:15 Atupele alikuwa amepiga magoti matopeni. Kuta za mashimo zilikuwa laini kama ndani ya kikombe. Hakukuwa na mzizi uliokatika. Alikumbuka Alhamisi: kwa kosa la kucheka wakati wa hotuba aliadhibiwa kuokota taka zote za wageni na kuziorodhesha. Alitoa orodha mfukoni, akaisoma kwa heshima zote. Chupa za maji. Maboksi ya chakula. Soli moja ya kiatu. Basi.

Jirani Lazaro, ambaye mbuzi wake walishukiwa kwa kila jambo, alimpokea kwa hasira.

"Mbuzi wangu angekula majani, shina angekuachia wewe. Umeona wapi mbuzi anahama na mizizi?"

Atupele alikiri hajaona. Saa 8:05 alifika getini kwa mlinzi, Mzee Ambwene.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwizi hakupita hapa. Mkuu ameniuliza, nimemjibu."

"Nani alipita?"

"Hilo hakuniuliza. Lori la wenye miti liliingia saa nne, likatoka saa sita kasoro robo. Wenye mali nitawazuia vipi?"

Jumatatu, saa 2:10, Atupele alisimama ofisini mbele ya Mwalimu Ezra na mratibu, Bwana Godwin, mtu mpole aliyeleta ripoti ya kusainiwa. Nje, lori lake lilikuwa limeegeshwa chini ya dirisha, limefunikwa turubai.

"Mti ukipandwa, kiriba huchanwa na kutupwa," Atupele alisema. "Niliokota taka zote za Alhamisi. Orodha aliisaini mwalimu wa zamu. Viriba mia nne viko wapi? Miti ilipandwa navyo, ili ing'olewe nzimanzima. Ndiyo maana mashimo ni laini. Bwana Godwin, turubai limefunika nini?"

Mwalimu Ezra alichungulia dirishani. Kisha akavuta pazia.

"Binti ana akili," Godwin alisema, bila kupandisha sauti. "Kitalu chetu cha Katumba Songwe kilisombwa na mto. Miche elfu sita. Ilibaki hii, na shule kumi na tano zilishaahidiwa siku yao ya kupanda. Ningesema ukweli, kazi sina, na watoto watano nyumbani. Hapa ni shule ya tisa. Miche imechoka, lakini kwenye picha bado inapendeza."

"Na chakula chetu?" Atupele aliuliza.

"Kisima mlichotuahidi?" mkuu aliuliza polepole.

"Kinakuja ripoti ikisainiwa. Ila inataka sababu ya hasara. Kwingine tumeandika mafuriko, mbuzi, mchwa. Hapa bado."

Mwalimu Ezra alimtazama Atupele, kisha nafasi tupu kwenye ripoti.

"Mwalimu, umesikia kila kitu."

"Nimesikia, mwanangu. Wanafunzi mia saba wanakunywa maji ya mtoni." Alichukua kalamu. Barua ya kumfukuza ilikamilika saa 2:55, kwa mwandiko mzuri sana.

Mvua ilikuwa imeanza. Godwin, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alimwonea huruma akampa lifti hadi njia panda. Mbele palijaa, kwa hiyo Atupele alipanda nyuma na tranka lake, chini ya turubai, katikati ya miche.

"Barabara ya Makwale ina mashimo!" Godwin alipaza sauti kutoka mbele. "Ishikilie isianguke, tafadhali!"

Akaishikilia. Kwenye njia panda Godwin alishuka, akakagua, akatabasamu. Hakuna hata mmoja uliovunjika.

"Ndaga, asante binti," alisema, akamshushia tranka.