Milango ya Gari la Bibi Harusi

Walimwita Cherehani kwa sababu mguu wake haukujua kutulia. Darasani goti lake lilipanda na kushuka chini ya dawati, na mezani kisigino kilipigapiga sakafu mpaka vikombe vikalia. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, kwa hiyo mjomba alipenda kutania kwamba nyumba ile ina cherehani mbili, moja ya kushonea na nyingine ya kusumbua watu.

Kila Jumamosi asubuhi binti huyo alimsaidia mjomba wake mahali pake pa kuoshea magari. Kazi yake ilikuwa moja tu, fremu za milango. Mlango ukifungwa fremu haionekani, lakini ukiufungua unakutana na tope lililoganda kwenye kizingiti na vumbi lililochanganyika na grisi ya bawaba, jeusi tii. Mjomba hakuruhusu mtu kuelekeza mpira wa maji huko, maana viti vingelowa. Unafuta grisi kwa kitambaa kikavu, unasugua pembe kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, unakausha, kisha unapaka nta kidogo ili uchafu usishike tena. Milango minne, pole pole. Na hakuna neno Cherehani alilolichukia kama pole pole.

Jumamosi hiyo gari lilikuwa jeupe, la kumbeba bibi harusi. Mjomba alikuwa anang'arisha kioo cha mbele. Nje ya ukuta, wasichana wa mtaa walikuwa wameshafunga kamba kwa mashindano ya kuruka.

"Cherehani! Tunaanza! Usipokuja tunamweka mwingine!"

Mguu ulianza kupiga. Aliutazama mswaki, akautazama ukuta, kisha akapitisha kitambaa kwenye vishikio vya nje vya milango.

"Fremu tayari?" mjomba aliuliza bila kugeuka.

"Tayari, Mjomba!"

"Zote nne?"

"Zote!"

Hakuwa amegusa hata moja. Kabla mjomba hajakunja kitambaa chake, mtoto alikuwa ameshatoka mbio, na nyuma yake dereva wa harusi, aliyekuwa akisubiri kivulini, akaliondoa gari.

Ajabu ni kwamba kamba haikumpendeza. Ilimkwaza mara ya kwanza, ikamkwaza tena, na wenzake wakaanza kunung'unika kwamba leo ana miguu ya tembo. Kila alipoinuka aliona kile kizingiti chenye tope. Alijiambia gari si lao, na nani atachungulia huko? Moyo haukukubali.

Hapo ndipo mama alipotokea, anatembea haraka, amekumbatia gauni jeupe lililofunikwa shuka.

"Mwanangu, afadhali nimekukuta. Nishikie mkia huu usiburuzike. Bibi harusi ananisubiri."

Cherehani aliushika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika yai. Alilijua gauni hilo. Miaka yote mama alikuwa akishona sare za shule na kubadilisha zipu. Hili lilikuwa gauni lake la kwanza la harusi, na pindo lote alilishona kwa mkono.

"Wanawake wengi watakuwepo leo," mama alisema huku akihema. "Likiwapendeza, nitapata kazi nyingine. Naogopa doa tu, mwanangu. Kitambaa hiki hakitaki maji. Likiingia doa, ndiyo basi."

Cherehani alitaka kusema. Badala yake akauinua mkia juu zaidi.

Walipofika, gari jeupe lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, linameremeta. Mama akaingia ndani na gauni. Cherehani akabaki nje, mara anakaa, mara anasimama, mara anaenda mpaka kwenye kona na kurudi. Labda grisi si nyingi. Labda bibi harusi ataruka kizingiti. Lakini gauni lenyewe lilikuwa pana, na mkia wake ungebaki nyuma ukiburuzika juu ya kila kitu.

Akapiga moyo konde, akashika kishikio cha mlango wa nyuma.

"We mtoto! Ondoa mikono!" dereva alifoka. "Gari limeoshwa hilo!"

"Shikamoo. Halijaoshwa lote. Mimi ndiye niliyepewa fremu, na sikuzisafisha. Tafadhali fungua uone."

Dereva akafungua. Akapiga mluzi.

"Lo! Na gauni jeupe lipite hapa?"

Cherehani alishavua kitambaa chake cha kichwa. Alianza na bawaba, akafuta grisi ikiwa kavu, kama alivyofundishwa. Dereva akaenda kuomba maji ya sabuni jikoni. Pembe zilikuwa hazifikiki kwa kidole, na ndani ya nyumba watu walianza kupiga vigelegele.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Mama alitangulia, uso wake wote ni furaha.

"Pisheni, bibi harusi anatoka!"

"Mama, msubiri kwanza," Cherehani alisema. "Gari ni chafu milangoni. Nilimwambia Mjomba tayari, na nilidanganya. Nilitaka kwenda kuruka kamba."

Furaha ikamtoka mama usoni. Akaitazama grisi, kisha akamtazama binti yake. Mtazamo huo ulimuuma Cherehani kuliko kofi.

Mara kengele ya baiskeli ikalia. Alikuwa mjomba, anatweta, kopo la nta mkononi.

"Nimeukuta mswaki wako umekauka kau," alisema, akimpa. "Nikajua tumekwisha. Haya, sugua. Mimi nakausha."

Bibi harusi alisubiri mlangoni, mikono imeinua gauni. Cherehani alisugua pembe baada ya pembe, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia apunguze haraka, kwa sababu hakuruka hata upenyo mmoja. Mjomba akapaka nta, akaifuta mpaka kitambaa chake kikatoka safi.

Bibi harusi akaingia. Mkia wa gauni ukabaki nyuma, ukateleza juu ya kizingiti, ukagusa bawaba. Mama akainama, akaligeuza pindo huku na huku chini ya macho ya wote. Lilikuwa jeupe pe.

Gari lilipoondoka, mama aliishika ile mikono miwili myeusi ya binti yake.

"Umenitia aibu, kisha umeniokoa. Vyote viwili nitavikumbuka," alisema. "Lakini sikiliza. Ukisema tayari, sisi wengine tunaacha kukagua. Mjomba wako hakufungua milango kwa sababu alikuamini. Mimi ningelipitisha gauni langu hapo kwa sababu hiyo hiyo. Usiseme tayari mpaka iwe kweli, hata kama wanakuita nje."

"Nimesikia, Mama. Nisameheni."

Jumamosi iliyofuata wasichana waliita tena nje ya ukuta. Mguu wa Cherehani ulipigapiga chini kama kawaida yake.

"Fremu tayari?" mjomba aliuliza.

"Bado, Mjomba," alijibu, mswaki ukitona povu. "Nimebakiza mlango mmoja."