Siku Tatu za Maji

Kila Jumamosi asubuhi Yurani alimbebea mama yake daftari. Mama, Profesa Edilma, alifundisha masomo ya amani katika chuo kikuu cha mji wa Popayán, na kwa miaka ishirini alikuwa amepatanisha watu katika nchi sita. Sasa alikuwa akipatanisha vijiji viwili vya wakulima wa kahawa waliokuwa wakigombea mfereji mmoja wa maji. Alisikiliza kila upande kivyake, jikoni kwao, wakinywa maji moto ya sukari guru. Yaliyosemwa humo hayakutoka nje.

Jumamosi moja watu wa kijiji cha juu walimwambia kwamba wakibanwa sana watawaachia wa chini maji siku tatu kwa wiki. Yurani alisikia. Jumatatu shuleni, rafiki yake Leidy wa kijiji cha chini akamtania, "Mama yako anazunguka kunywa vya watu tu, hana lolote!"

"Hana lolote? Mnapata siku tatu, nyie!"

Jumamosi iliyofuata vijiji vyote viwili vilikutana. Hata salamu hazijaisha, baba yake Leidy akasimama. "Hizo siku tatu tumezisikia. Sisi tunataka tano."

Don Herlinto, msemaji wa kijiji cha juu, aliwaka. "Profesa, tumekukaribisha jikoni, kumbe unatuuza!" Watu wake wakachukua kofia zao.

Mama hakujitetea. Alifunga daftari. "Mpatanishi asiyeaminiwa hana kazi hapa. Naondoka."

Yurani roho ilimuuma. Alisimama. "Si mama! Ni mimi. Nilimwambia Leidy, nilitaka kumringia."

Baba yake Leidy akainamisha kichwa. "Nami nilijua ni siri, nikaitumia. Nisameheni."

Don Herlinto aliwatazama wote wawili, kisha akakaa. "Haya. Siku zetu tatu mmezisikia. Nanyi mnatoa nini?"

"Tutauzibua mfereji wote, hadi kwenu juu, kila mwezi," baba yake Leidy akajibu.

Mama akafungua tena daftari, na kabla ya saa sita mchana walikuwa wamepatana juu ya siku tatu.

Njiani Yurani alinong'ona, "Wamepatana, mama. Bado umekasirika?"

"Nimekasirika. Watu wamenipa siri zao miaka ishirini, nawe umetoa moja kwa sababu ya utani. Daftari nitabeba mwenyewe mpaka nikuamini tena." Yurani akaanza kulia. Mama akamshika mkono. "Neno ulilokabidhiwa si lako kuligawa. Na ukikosea, simama useme kabla mwingine hajabeba lawama yako. Hilo la pili, mwanangu, leo umelifanya, nami nimejivunia."