Mahali pa Uyoga

Soko la Hales mjini Vilnius lilikuwa limefurika asubuhi ile. Vaiva alikuwa akipanga uyoga kwenye meza ya bibi yake, mikono ya gauni lake la kitani ameikunja hadi viwikoni, mwanamume mrefu mwenye koti la mvua la rangi ya chungwa aliposimama mbele yake.

"Uyoga mzuri huu! Mmeuchuma wapi?"

Wauzaji wa meza tatu wakageuka. Mama muuza jibini akamkodolea mgeni macho kana kwamba ameulizia rangi ya chupi yake.

"We kaka, umetoka wapi?" Vaiva akauliza, akijizuia kucheka.

"Uholanzi. Naitwa Wiebe. Naandika gazetini habari za safari zangu."

"Basi andika hivi: Lithuania swali hilo haliulizwi, mahali pa uyoga ni siri ya ukoo. Afadhali uniulize umri wangu."

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja. Nunua au nipishe."

Akanunua. Kesho yake akarudi, na keshokutwa pia, mpaka mama wa jibini akaanza kumwekea kiti. Wakawa wanakula pamoja supu baridi ya bitiruti, na Wiebe haionji kabla hajaipiga picha. Kila kitu kilimshangaza: watu wasiochekacheka ovyo, vikongwe wanaoogelea ziwani kwenye baridi, maua yanayouzwa kila kona. Vaiva, aliyeyazoea yote hayo, akajikuta anayatazama upya. Alimpenda, na wala hakuficha. Wiki ya tatu akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanamume yeyote: alimpeleka kijijini, akamwonyesha mahali pa uyoga pa ukoo wao.

Siku tisa baadaye bibi akapiga simu kutoka kijijini.

"Mjukuu wangu, kuna harusi msituni na mimi sikualikwa?"

"Harusi gani, Bibi?"

"Magari kumi na moja! Wana vikapu, wana simu, wananisalimia utadhani mgeni ni mimi."

Vaiva akaitafuta makala ya Wiebe. Ilikuwa tamu kweli, na mtu alikwisha kuitafsiri na kuisambaza mji mzima. Kila kitu kilikuwamo: pita msalaba wa mbao, tafuta msonobari uliopigwa na radi, geuka kushoto. Machozi ya hasira yakamtoka.

"Mpenzi, kwetu kitu kizuri hutangazwa," Wiebe alijitetea kwenye simu. "Nilitaka kukusifu."

"Umenisifu hadi umenivua nguo! Mama yake bibi alilisha watoto saba kwa uyoga wa pale wakati wa vita. Usinipigie tena!"

Wiebe akaiondoa makala, lakini wapi, watu walikwisha kupajua. Siku nne hakupiga simu. Vaiva alimkasirikia kwa kumtii. Alijua tiketi yake ya kurudi kwao ni ya Jumamosi, na kila simu ilipolia aliikimbilia. Siku ya tano aliyepiga akawa bibi.

"Mholanzi wako yuko hapa tangu juzi."

"Anafanya nini huko?"

"Kapasua kuni za kutosha baridi nzima. Kasafisha vikapu vitatu vya uyoga. Na haulizi kitu! Jana kaizunguka nyumba mara mbili anatafuta choo, hakuthubutu kuuliza kiko wapi."

Vaiva alicheka hadi akakaa chini. Kisha akapanda treni.

Alimkuta kando ya jiko, amevaa sweta la marehemu babu, mikono imemfikia viwikoni.

"Umekuja kuomba nikuzuie usiondoke?"

"Hapana. Nimekuja kumwomba bibi radhi."

"Na mimi je?"

"Wewe nakuogopa."

"Acha simu hapo mezani. Twende."

Walitembea saa nzima, wakazunguka kinamasi, wakapanda kilima chenye miti myeupe. Chini ya miti hiyo uyoga ulijaa, mnene, wa kahawia, haujaguswa na mtu.

"Hapa hata Bibi hapajui," Vaiva akasema. "Nilipagundua nina miaka kumi na miwili. Sijawahi kumwonyesha mtu."

Wiebe akafumba macho. "Nirudishe, mpenzi. Mimi sistahili."

"Fumbua. Ukipaandika, nitajua ni wewe tu."

"Na nisipopaandika?"

Vaiva akachuchumaa, akakata uyoga wa kwanza kwa kisu, akamwekea kiganjani.

"Basi tutawaonyesha watoto wetu."